Wapimaji wa Pemba na mzozo wa vidonge vya chuma

Juni 2025 ilitimia miaka 25 tangu kufunguliwa kwa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri huko Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, na katika simulizi nyingi za maabara hiyo jina linalotangulia ni la profesa wa Kiitalia ambaye hakujaaliwa kuiona. De Carneri, bingwa wa elimu ya vimelea, yaani taaluma inayochunguza viumbe wanaoishi na kujilisha ndani ya miili ya wengine, alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pavia; alitamani Pemba iwe na kituo chake cha utafiti, akafariki mwaka 1993, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mfuko wenye jina lake mjini Milan ambao ndio uliosimamia ujenzi. Heshima hiyo ni haki yake. Hata hivyo, anayesoma tafiti zilizofanyika kisiwani humo, badala ya kusoma vibao vya ufunguzi, hukutana na watu wa namna nyingine: kada za afya shirikishi, yaani taaluma zisizo za udaktari wala uuguzi, kama vile maabara, famasi, mionzi, lishe na afya ya mazingira, pamoja na wasaidizi wao, kuanzia makarani wa takwimu hadi wale wanaopita nyumba kwa nyumba.

Kada hizo hazikuanza Wawi. Enzi ya ukoloni madispensari ya vijijini yaliwategemea madresa, yaani wasaidizi waliofundishwa kufunga vidonda na kugawa dawa. Na kampeni ya kutokomeza malaria, iliyoanza mwaka 1958 na kusitishwa 1968, isingeweza kupimwa mafanikio yake bila watu wa kusoma slaidi za damu.

Kilichoipa Pemba jina duniani ni kichocho. Ugonjwa huo huletwa na minyoo inayokulia ndani ya konokono wa maji baridi, ikampenya mtu anayeoga au kufua mtoni, na katika aina iliyoenea Pemba mayai yake huharibu kibofu hata mkojo ukatoka na damu. Katika miaka ya 1980 Lorenzo Savioli, daktari wa Kiitalia aliyefanya kazi kisiwani humo, pamoja na wenzake wa Zanzibar na wa Shirika la Afya Duniani (WHO), walikabili swali ambalo kwa juu juu lilikuwa la fedha tu: je, ni lazima kila mtoto wa shule apimwe kwa hadubini? Jibu lao, lililochapishwa mwaka 1989, lilikuwa kwamba damu inayoonekana kwa macho, au inayobadilisha rangi ya kijiti cha kupimia mkojo, inatosha kuwatambua watoto wa kutibiwa na maeneo yenye maambukizi makubwa. Jibu hilo liligusa pia mgawanyo wa kazi, kwa kuwa upimaji ulitoka mezani pa fundi wa maabara ukaingia shuleni, mikononi mwa wasaidizi waliofundishwa kwa muda mfupi, na fundi akabaki na kazi ngumu zaidi.

Ugumu huo ulidhihirika katika uchunguzi wa safura, minyoo inayonyonya damu kwenye utumbo. Kipimo chake hudai kinyesi kichujwe, kiasi maalumu kitandazwe chini ya karatasi laini iliyoloweshwa gliserini, kisha mayai yahesabiwe moja moja. Lakini mayai ya safura hufifia na kupotea machoni ikiwa msomaji atachelewa muda mfupi tu, kiasi kwamba fundi mzembe anaweza kuandika kwamba mtoto hana safura ilhali anayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliowahusisha zaidi ya watoto 3,500 wa shule za Pemba, ulionyesha kwamba safura ni chanzo kikubwa cha upungufu wa damu, na hitimisho hilo lote lilisimama juu ya hesabu za mayai.

Hoja ya upungufu wa damu ndiyo iliyozaa mzozo mkubwa kuliko yote katika historia hii. Kwa kuwa watoto wengi kisiwani walikuwa na damu pungufu, na miongozo ya kimataifa ilishauri watoto wadogo wa maeneo ya namna hiyo wapewe madini ya chuma bila kupimwa kwanza, watafiti wakiongozwa na Sunil Sazawal na Robert Black wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na watafiti wa Zanzibar kama Mahdi Ramsan na Hababu Chwaya, waliamua kuujaribu ushauri huo kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata chuma na asidi ya foliki, wengine hivyo viwili pamoja na zinki, wengine zinki peke yake, na wengine kidonge kisicho na dawa. Tarehe 19 Agosti 2003 makundi yote yaliyopewa chuma yalisimamishwa kwa ushauri wa jopo linalosimamia usalama wa utafiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, yakiwalinganisha watoto 24,076, yalionyesha kwamba waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kuugua sana hadi kulazwa.

Mshtuko ulikuwa mkubwa, kwani kidonge kilichohesabiwa kuwa salama kote duniani kilionekana kuwadhuru watoto katika eneo lenye malaria nyingi. Waliotilia shaka walikuwa na hoja: jaribio kama hilo nchini Nepal, katika eneo lisilo na malaria, halikuonyesha madhara ya namna hiyo, na ndani ya Pemba kwenyewe kulikuwa na kikundi kidogo cha watoto waliopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa ukaribu, ambamo wale waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika na kidonge hichohicho. Kwa maneno mengine, chuma kilimfaa aliyekihitaji na kikawa hatari kwa asiyekihitaji, na njia ya kuwatenganisha wawili hao ni kuwapima. WHO ikatoa tahadhari kwamba katika maeneo ya malaria watoto wasipewe chuma kiholela.

Mjadala huo uliendeshwa Geneva, yaliko makao ya WHO, na Baltimore, kilipo Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lakini ushahidi wake ulikusanywa na wasaidizi waliopeleka vidonge majumbani, makarani walioandika kila mtoto aliyelazwa katika hospitali za Pemba, watu waliowahoji wafiwa ili kubaini sababu ya kifo, na mafundi waliosoma slaidi. Karani mmoja akikosea kuandika kundi la mtoto, tukio linahesabiwa upande usio wake. Ni jambo la ajabu, kama si la aibu, kwamba watu wa kazi hiyo kwa desturi huishia kwenye aya ya shukrani.

Miaka iliyofuata ilileta majaribio ya kukitokomeza kichocho Unguja na Pemba, maabara ya Wawi ikawa kituo kinachoshirikiana rasmi na WHO, na mwaka 2016 Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ikazinduliwa upya baada ya kujengwa kwa msaada wa China, ikiwa na mashine zinazodai wataalamu wa mionzi na mafundi wa vifaa tiba. Hata hivyo, mwanafunzi wa Pemba anapoulizwa atakuwa nani, majibu yanayotarajiwa bado ni mawili, daktari au muuguzi, ingawa stashahada ya maabara ya tiba nchini Tanzania huchukua miaka mitatu kwa aliyemaliza kidato cha nne akiwa amefaulu biolojia na kemia. Kwa muda mrefu aliyeitaka njia hiyo alilazimika kuvuka bahari hadi chuo cha Mbweni, Unguja, ambacho baadaye kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Aliyebaki kisiwani akaajiriwa kama msaidizi wa utafiti hujifunza mengi, lakini ajira yake hufungwa pamoja na mradi, na mradi unaofuata huja na fedha za kuwafundisha wengine upya.