Fidia, Malipo na Mchango: Ahadi Tatu Ndani ya Bima Moja

Dereva wa Dar es Salaam akiulizwa kama gari lake lina bima, huenda naye akauliza: kubwa au ndogo? Ndogo ndiyo inayolazimishwa na sheria. Humlinda mtu wa tatu, yaani aliyegongwa, lakini haimrudishii mwenye gari hata taa iliyovunjika. Kubwa hulijumuisha na gari lenyewe. Tofauti hiyo mtaa umeishika vizuri. Iliyo nzito kuliko hiyo haijashikwa: chini ya jina bima zimekaa ahadi tatu zisizofanana, na kila moja ina hoja yake kuhusu nani alipwe, lini na kwa sababu gani.

Ahadi ya kwanza ni fidia. Katika mazungumzo ya kawaida fidia ni malipo yoyote ya kufuta machozi, kama anayolipwa mwenye kiwanja kilichopitiwa na barabara. Katika bima maana yake ni finyu zaidi: kumrudisha aliyepata hasara pale alipokuwa kabla ya hasara hiyo, asipungukiwe wala asitoke na faida. Kesi ya Castellain na Preston, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1883, inaonyesha jinsi ukali wa kanuni hiyo unavyofika mbali. Preston alikuwa amekubaliana kuuza nyumba, na kabla mauzo hayajakamilika sehemu yake ikaungua. Kampuni ya bima ikamlipa pauni 330. Mnunuzi naye baadaye akalipa bei yote iliyokuwa kwenye mkataba. Mahakama ya Rufaa ikaamua pauni zile 330 zirudi kwa kampuni, kwa kuwa hasara iliyozihalalisha ilikuwa imekwisha kufutika.

Kanuni dada yake ni maslahi ya kibima: mtu hawezi kukatia bima kitu ambacho kuharibika kwake hakumgusi kisheria. Macaura, mwenye shamba la miti huko Ireland, aliiuzia kampuni yake mwenyewe mbao zote, akabaki na karibu hisa zote, kisha akazikatia mbao hizo bima kwa jina lake binafsi. Moto ukaziteketeza. Mwaka 1925 Baraza la Malodi likasema mbao ni za kampuni, wala si za mwenye hisa, kwa hiyo hakulipwa. Wenye biashara za familia wanaoandikisha gari kwa jina la kampuni na bima kwa jina la baba wangefaidika kuisoma kesi hiyo kabla ya ajali.

Bima ya maisha haikai ndani ya ahadi hiyo ya fidia. Uhai hauna bei ya soko, na mahakama za Uingereza zilikiri mwaka 1854, katika kesi ya Dalby, kwamba mkataba wa aina hiyo si wa fidia: ni ahadi ya kulipa kiasi kilichokubaliwa tukio likitokea.

Ahadi hii ya pili, ya malipo bila kupima hasara, imepata sura mpya kaskazini mwa Kenya. Januari 2010 ilizinduliwa Marsabit bima ya mifugo iliyoandaliwa na watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, pamoja na washirika wao. Hakuna mkaguzi anayekwenda kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima, na kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa kulingana na mifugo aliyoiandikisha, huku ngamia mmoja akihesabiwa sawa na ng'ombe 1.4 na mbuzi kumi sawa na ng'ombe mmoja. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, katika ukame mkali.

Faida yake iko wazi: gharama ya ukaguzi inaondoka, na hila ya kuacha mnyama afe ili alipiwe haina maana tena. Lakini mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekufa kwa ugonjwa, majani yakiwa mabichi, hapati kitu. Na jirani ambaye hakupoteza hata mbuzi anaweza kulipwa. Aliyeahidiwa fidia ataona hapo dhuluma. Aliyeelezwa tangu mwanzo kwamba ananunua malipo yanayofuata hali ya malisho anaweza kuipima bidhaa kwa haki. Waborana wa eneo hilo wana busa gonofa, utaratibu wa ukoo kumchangia mifugo mwenzao aliyefilisika, nao huangalia hasara ya mtu mwenyewe. Wakala anayekuja na setilaiti analeta kitu cha aina nyingine, na ni wajibu wake kusema hivyo.

Ahadi ya tatu ni mchango. Kenya ilipoanza kutoza asilimia 2.75 ya mshahara ghafi kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, Oktoba 2024, ilibaki na neno bima, ingawa kiwango hakitazami kama mchangiaji ni mzee au kijana, mzima au mgonjwa. Kinatazama kipato. Anayepata zaidi hulipa zaidi kwa matibabu ya wote, na asiye na ajira rasmi hulipa kwa makadirio ya kipato cha kaya, yasiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Huo ni mshikamano uliowekwa kisheria, nao una utetezi mzuri. Utetezi huo hudhoofika pale mshikamano unapouzwa kwa lugha ya soko, kwa sababu kijana mzima atafanya hesabu ya soko na kujiona ameibiwa.

Atakayesema huku ni kuchambua maneno tu aitazame takafuli, bima inayofuata sheria ya Kiislamu. Humo michango huitwa tabaruu, hiba inayotolewa kwa kusaidiana, na katika mfumo wa uwakala kampuni hulipwa ujira kwa kuusimamia mfuko ambao si mali yake. Mwaka 2014 wafugaji wa Wajir, nchini Kenya, walipokea malipo yao ya kwanza ya ukame chini ya mfumo huo, kwa kipimo kilekile cha setilaiti. Mitambo haikubadilika; kilichobadilika ni mkataba kutaja fedha ni za nani, na katika eneo lenye Waislamu wengi hilo lilikuwa sharti la kuuza hata hati moja.