Kiwanja cha ufukweni Matema

Wadau, kaa na vijana wa Mbeya mjini utasikia ndoto ya kiwanja Matema, ule ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Kyela. Mchanga, maji, Milima ya Livingstone mgongoni. Raha tupu! Ila mchanga huo una historia.

Mwaka 1923 Waingereza waliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya Gavana. Umiliki wa milele uliokuwa umebaki, Serikali ya Mwalimu ikaugeuza upangaji wa miaka 99 mwaka 1963. Sheria za 1999 zikamwacha Rais kuwa mdhamini, na ardhi ya kijiji ikasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo ndugu yangu, hununui ardhi, unapata haki ya kuitumia. Na zile mita 60 kutoka majini, ambazo ndizo kila mtu anazitaka? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu hapo.

Wavuvi wanavuta mitumbwi mchangani, wanaondoka nayo alfajiri. Wakisi wanaleta vyungu kutoka Ikombe kwa mtumbwi, wanaviuza Lyulilo Jumamosi. Hakuna anayehitaji ukuta. Sasa mwenye hela akijenga wake hadi majini, mitumbwi ile itapita wapi?