Kutu ya shina: Jinsi ya kuitambua na kuikabili katika ngano

KUTU ya shina ni maradhi ya ngano yanayosababishwa na kuvu inayosambazwa na upepo. Aina yake hatari, Ug99, ilipatikana Uganda mwaka wa 1998 na kutambulishwa rasmi mwaka uliofuata. Ilishinda kinga ya mbegu nyingi zilizotegemewa, na baadaye ikaenea hadi Kenya.

Dalili yake ni vipele virefu vya rangi ya matofali, vinavyopasua ngozi ya shina na kuacha vumbi vidoleni. Kutu ya manjano, kwa upande wake, hujipanga kwa mistari kwenye majani. Vipele vya shina vikigeuka vyeusi, mmea unakaribia kukomaa na dawa haiwezi tena kuokoa punje zilizosinyaa.

Kwa hivyo, mkulima apande mbegu zilizoidhinishwa zenye kinga na kung'oa ngano iliyojiotea, kwani huhifadhi kuvu hiyo baina ya misimu. Akague shamba kila wiki, na vipele vya kwanza vikionekana anyunyize dawa ya kuua kuvu, kama tebukonazoli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Hata hivyo, asitegemee mbegu moja miaka nenda miaka rudi. Kuvu hiyo hubadilika, na kinga ya leo huenda isifae kesho.