Dume Amekufa, Ndama Wanazaliwa

Mfugaji wa miteremko ya Mlima Meru mwenye ng'ombe wawili hawezi kufuga dume. Dume anakula majani mengi, maziwa hatoi, na zizi lenyewe limebanwa kati ya migomba na jiko. Ndiyo maana miaka yote ya kazi yangu ya uhimilishaji nilipanda na kushuka kule na mtungi wa naitrojeni nyuma ya pikipiki. Wenye ng'ombe huuliza mbegu zimetoka wapi. Zimetoka Usa River, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji. Lakini ukitaka kujua kwa nini zinaweza kukaa mtungini hata mwaka zikiwa hai, itabidi twende mbali zaidi, hadi kwenye maabara ya Mill Hill, kaskazini mwa London, miaka ya 1940 ikielekea mwisho.

Kupandisha ng'ombe bila dume kulikuwepo kabla ya hapo. Jirani zetu Kenya walianza katika miaka ya 1930, na kituo cha Kabete kilianzishwa 1946. Ila mbegu zilikuwa mbichi. Hata ukizichanganya na kiini cha yai na kuziweka kwenye ubaridi, baada ya siku chache zimekwisha. Mvua ikikata barabara, ng'ombe aliye kwenye joto anakupita, unasubiri wiki tatu nyingine.

Waliojaribu kuzigandisha waliambulia mbegu zilizokufa. Maji yanapoganda, chumvi haigandi pamoja nayo. Inabaki kwenye maji machache yaliyosalia na kuwa kali mno, huku seli ikinyonywa maji yake. Ukigandisha haraka kupita kiasi, barafu inajijenga ndani ya seli na kuipasua.

Pale Mill Hill, Alan Parkes, Audrey Smith na kijana Christopher Polge walikuwa wakijaribu kukinga mbegu za jogoo kwa sukari ya matunda. Hazikukingika. Kazi ikawekwa kando kwa miezi. Waliporudi wakachukua chupa ya sukari ileile iliyokuwa kwenye chumba cha baridi, na safari hii mbegu zikayeyuka zikiwa zinaogelea. Wakatengeneza sukari mpya: hakuna kitu. Chupa ya zamani ilikuwa imebakiza kidogo sana, na badala ya kukitumia kwa jaribio moja la mwisho wakakipeleka kwa mkemia. Mle hamkuwa na sukari. Mlikuwa na glisarini na ute wa yai, mchanganyiko wa kubandikia vipande vya nyama kwenye vioo vya hadubini. Lebo zilikuwa zimebadilishana. Wengi wakisimulia kisa hiki husifu bahati. Mimi nawaheshimu kwa kile kidogo walichokitoa kikapimwa.

Walichapisha matokeo yao 1949. Glisarini, ileile tunayopaka midomoni Julai baridi ya Arusha inapouma, hupenya ndani ya seli na kuizuia chumvi isifikie ukali wa kuua. Mwaka 1952 Polge na Tim Rowson, wakiwa Cambridge, walionyesha kwamba mbegu za ng'ombe zilizohifadhiwa kwenye nyuzi 79 chini ya sifuri bado zinatunga mimba. Mwaka uliofuata, Iowa, Marekani, zikatangazwa mimba za binadamu kutokana na mbegu zilizogandishwa. Kisha ikaja naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na hapo seli haikui wala haizeeki.

Kwa hiyo mtungi ndio roho ya kazi yetu. Unatumbukiza kijiti hadi chini, unakitoa, unakipunga hewani, na barafu nyeupe inayojishika juu yake inakuonyesha naitrojeni imebaki kiasi gani. Mrija wenye mbegu unautoa kwa kibanio, haraka, bila kuinua kikapu kupita shingo ya mtungi, maana mirija mingine iliyomo ikipata joto mara mbili tatu, imekufa na hutajua. Unauweka kwenye maji ya uvuguvugu, unaupangusa ukauke kabisa, kisha unausoma: jina la dume, namba yake, aina yake. Mara nyingi nimesoma jina la dume aliyekwisha kufa. Mwenye ng'ombe ukimwambia, hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama binti zake wana maziwa. Swali la maana kuliko yote.

Ndiyo maana niliposikia habari za faru wa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, niliwaelewa wataalamu wao upesi. Suni, dume wa faru weupe wa kaskazini, alikufa pale 2014. Mbegu zake zilikuwa zimeshagandishwa. Sudan, dume wa mwisho, akafuata Machi 2018. Wakabaki Najin na binti yake Fatu. Agosti 2019 mayai yao yalivunwa, yakasafirishwa hadi Cremona, Italia, yakarutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa, na mayai ya Fatu yakatoa viinitete vilivyohifadhiwa kwenye naitrojeni. Mama na binti hawawezi kubeba mimba, hivyo mzigo huo umewekewa majike wa faru weupe wa kusini, ambao hubeba mimba kwa muda wa miezi kama 16.