Maktaba ya Tanga na Vitabu Vilivyoitangulia

Maktaba kubwa ya Tanga, yenye ua wa ndani wa mtindo wa Kimaghribi, ilifunguliwa upande wake mmoja mwaka 1956 na wa pili mwaka 1958, ikaitwa kwa jina la marehemu Mfalme George wa Sita wa Uingereza, kama kwamba kabla yake mji haukujua kitabu. Na hali ilikuwa kinyume cha hayo.

Tangu zamani wanazuoni wa pwani ya Mrima walihifadhi majumbani mwao vitabu vya fiqihi na tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wajerumani, ambao J.W.T. Allen aliutafsiri ukapigwa chapa mwaka 1955. Na mwanawe, Sheikh Ali, kadhi wa Tanga, aliandika juu ya mirathi na nikahi. Elimu hiyo haikuwa siri, ila ilikuwa na mlango wake: mtaka kitabu hakukiendea kitabu, alimwendea mwalimu, akaketi darasani, akapewa idhini; na kuazimwa kulitegemea adabu yake na ukoo wake, kwani nani angemkabidhi mgeni hati isiyo na nakala ya pili?

Wamisionari wa Magila walikuwa na gazeti lao, na skuli ya serikali ya Wajerumani hapo Tanga ikapiga chapa Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20. Wasomaji wakaongezeka, mahali pa kusomea hapakuongezeka. Mshairi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alianza kazi ya ukarani wa forodha Pangani mwaka 1926, na ilipita zaidi ya miaka ishirini kabla ya Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, kuanza kuwapelekea wasomaji wa mbali vitabu kwa masanduku na kwa posta.

Jambo geni lililoletwa na maktaba ya umma, hasa baada ya sheria ya mwaka 1963 iliyounda bodi ya kuziendesha na kufunguliwa kwa Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, halikuwa kitabu basi, bali ruhusa ya mtu asiyejulikana: aandikishe jina lake, achukue, arudishe, bila ya kuulizwa ni mwana wa nani wala amesoma kwa nani. Kwa watu waliozoea kwamba elimu hupokewa mkononi mwa mtu, hayo yalikuwa mageuzi makubwa kuliko jengo lenyewe.

Wengi waingiao maktaba ya Tanga siku hizi ni wanafunzi, na daftari zao wamekuja nazo. Wanachotafuta ni meza, kimya na mwanga. Wapo wanaolihuzunikia jambo hilo, wakiona rafu hazisumbuliwi. Mimi siafikiani nao, kwa sababu katika nyumba za mtaa wa Ngamiani, ambamo chumba kimoja cha kupanga huwa ni jiko, malazi na sebule, meza tupu ni adimu kuliko kitabu.