Kalenda inayokula kumbukumbu

Haya, msomaji wangu, leo tuongee kompyuta. Tulizoea kuambiwa Linux ni ya bure, basi inamfaa mnyonge. Bei ni bure kweli. Kumbukumbu je? Ile RAM ya kwenye mashine hainunuliwi kwa maneno matamu, na hakuna kitu kilichoonyesha hilo waziwazi kama programu za barua pepe na kalenda.

Hadithi inaanzia Boston, Marekani, kwenye kampuni ya Ximian ya akina Miguel de Icaza na Nat Friedman. Desemba 2001 walitoa Evolution 1.0: barua, kalenda, anwani na orodha ya kazi kwenye dirisha moja, kwa mfano wa Outlook ya Microsoft. Walimlenga mfanyakazi wa ofisi, akihamia Linux asikose alichozoea. Agosti 2003 Novell wakainunua Ximian. Oktoba 2004 Ubuntu ya kwanza ikatoka na Evolution ndani yake, na CD zake zikawa zinatumwa bure kwa posta duniani kote.

Huku kwetu, Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice. Menyu za Kiswahili, jamani! Lakini OpenOffice haikuwa na barua pepe wala kalenda. Ukitaka hivyo ulirudi kwenye kazi za Boston, na kompyuta yako ya mtumba yenye MB 128 hivi.

Tatizo lilikuwa hapa. Ukifungua folda, Evolution iliweka kwenye kumbukumbu muhtasari wa kila barua iliyomo: nani katuma, kichwa, tarehe, imesomwa au bado. Barua mia si neno. Barua elfu ishirini ni habari nyingine. Kumbukumbu ikijaa, Linux inahamishia ziada kwenye diski kuu, nayo diski ni kobe. Kishale kinaganda, mtu anasonya, anasema Linux nzito. Halafu kuna kalenda: ili ikukumbushe kikao, lazima kipande fulani cha programu kikeshe hata ukishafunga dirisha. Mlinzi halaumiwi kwa kukesha, ila wengine hatukuwa na vikao!

Wengi mjini walikimbilia Yahoo na Hotmail kwenye intaneti kafe, mzigo ukabaki kwa wenye seva. Sawa, lakini hapo ndipo ninapoona hasara. Naandika haya nikiwa Ringwani, wilayani Serengeti, ambako mtandao unakuja na kuondoka upendavyo. Mahali kama hapa barua ya kwenye kivinjari haikufai sana. Unataka programu inayoshusha barua zote mara moja, usome na kujibu bila mtandao, zitumwe mtandao ukirudi. Yaani programu iliyomfaa zaidi mtu wa mbali ndiyo iliyodai mashine ambayo hakuwa nayo. Mutt na Pine zilikuwa nyepesi, naam, ila za maandishi matupu. Mgeni wa kompyuta akiziona anakimbia.

Dawa ilipatikana Septemba 2008. Evolution 2.24 ilihamishia mihtasari yote kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite iliyoko diskini, na kumbukumbu ikaanza kubeba kile tu kinachohitajika. Wazo si geni, karani yeyote wa masijala analijua: huwezi kurundika mafaili yote mezani. Kwa maoni yangu miaka saba ilikuwa mingi mno.

Haki itendeke lakini. Takwimu zile za kutisha zilizidisha mambo, kwa sababu maktaba moja inayotumiwa na programu kumi ilihesabiwa mara kumi. Mwaka huohuo wa 2008 ndipo kiini cha Linux kilipoanza kugawa hesabu hiyo kwa kila anayetumia.

Oktoba 2011 Ubuntu 11.10 iliiweka Evolution pembeni ikachukua Thunderbird, ambayo kalenda yake, Lightning, ilikuwa nyongeza ya hiari hadi 2015. Ila mtunza kalenda wa Evolution, evolution-data-server, hakuondoka. Saa ya GNOME inamtegemea ikuonyeshe ratiba. Hata kwenye laptop yangu ya GB 2 yumo, anakesha, na mimi ratiba zangu naandika kwenye daftari.