Jicho la Kuonea Mbio

Mwendo ni mwepesi kutazamwa, lakini ni mzito kushuhudiwa. Watu elfu huweza kuketi uwanjani wakaona jambo moja kwa wakati mmoja, kisha wakatoka na habari mbalimbali juu ya nani aliyetangulia. Kwa sababu hiyo mwanadamu alitafuta shahidi asiyepepesa, na shahidi huyo ni kamera. Lakini kamera nayo haioni kila kitu. Huona lile tu ambalo imeelekezwa kuliona. Basi historia ya kupiga picha za michezo ni historia ya uchaguzi, na mkoa wa Singida una sababu yake ya kuijua.

Tarehe 15 Septemba 2025, katika marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa kijiji cha Mampando wilayani Ikungi, alikuwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani zilipobaki hatua chache. Petros alijitupa mbele kuuwahi mstari. Simbu naye akaufikia wakati uleule. Saa iliwaandikia wote wawili muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu mwenyewe hakuwa na hakika ya ushindi mpaka alipoliona jina lake juu ya orodha katika kiwambo cha uwanjani. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03, na kwa tofauti hiyo Tanzania ilipata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Kwa mwendo wa wastani wa mbio ile, muda huo ni kama sentimita 16, shibiri haitimii.

Kamera iliyokata shauri lile ni ya ajabu kwa uchache wa yale inayoyaona. Haioni uwanja, wala watazamaji, wala njia aliyopita mkimbiaji. Huutazama mstari wa kumalizia peke yake kupitia upenyo mwembamba, na huuandika maelfu ya mara katika sekunde moja, kipande kando ya kipande. Kwa hiyo upana wa picha yake si mahali bali ni wakati: aliye mbele katika picha ni yule aliyefika kwanza. Mwamuzi hatazami kichwa wala mkono wala mguu, hutazama kiwiliwili. Kamera ya kawaida ya televisheni, inayopiga picha 25 kwa sekunde, huacha sekunde 0.04 kati ya picha moja na nyingine. Muda huo ni mrefu kuliko ushindi mzima wa Simbu. Kamera hiyo ingaliweza kuuruka ushindi huo kama mtu anavyoruka mfereji.

Wazo la kuchagua chombo kwa kufuata swali ni la zamani. Mwaka 1878, huko Palo Alto katika Marekani, Eadweard Muybridge alitakiwa kujibu kama farasi anayekimbia huinua miguu yote minne kwa mara moja. Alipanga kamera katika safu kando ya njia, zikafyatuka moja baada ya nyingine farasi alipokuwa akipita. Jibu lilikuwa ndiyo. Lakini miguu ilikuwa imekunjwa chini ya tumbo, si kunyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyoichora kwa miaka mingi. Mwaka 1882 Étienne-Jules Marey wa Ufaransa alitaka kufuata ndege arukaye, ambaye hapiti katika njia iliyopangwa. Safu ya kamera isingemfaa. Akatengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde, na mtu aliweza kumlenga ndege nayo popote aendapo. Wawili hao walitafuta mwendo mmoja, lakini kila mmoja alishika chombo kilichofaa swali lake.

Mjini Tokyo kwenyewe, miaka 61 kabla ya ushindi wa Simbu, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya 1964 katika uwanja uliosimama mahali hapohapo ulipo uwanja wa leo. Kon Ichikawa, aliyetengeneza filamu ya michezo ile, alichagua lenzi ndefu. Lenzi ya namna hiyo huvuta kilicho mbali na kukitenga na vilivyo nyuma yake. Hivyo mtazamaji hakuonyeshwa nani anaongoza tu, bali uso wa Bikila uliotulia na jasho lake lidondokalo. Wako waliotaka kumbukumbu ya matokeo, wakaona wamepewa kumbukumbu ya nafsi. Lakini mbio ni vitu vyote viwili, na lenzi moja haiwezi kutoa vyote kwa wakati mmoja.

Miaka 4 baadaye, mjini Mexico, jirani wa Singida alitoa funzo jingine. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka njiani katika marathoni ya 1968, akaumia goti na bega, wala hakuacha. Alimaliza baada ya saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa na watazamaji wengi walikuwa wameondoka. Picha zake za kuchechemea na bandeji mguuni zimeuzunguka ulimwengu kwa sababu kamera ilikuwapo gizani. Hapa urefu wa lenzi haukuwa neno kubwa. Neno lilikuwa nuru, na subira ya mtu aliyeishika kamera.

Hata hivyo watu wa Singida hawakuziona picha hizo siku zile. Zanzibar ilipata televisheni mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa nayo mpaka mwaka 1994. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, wananchi wenzake wa Bara waliupata ushindi huo kwa masikio na magazeti. Nao waliokimbia katika viwanja vya shule na barabara za vumbi za mkoa huu hawakupata hata hayo. Wengi walikuwa hodari, wakazeeka, na mwendo wao ukaondoka pamoja na waliouona.

Leo kijana wa Singida mwenye akiba ndogo aweza kununua kamera yake ya kwanza. Hatari yake si uchache wa vyombo, ni wingi wake. Aonapo sifa za kamera ndogo zinazofungwa mwilini, yafaa akumbuke asili yake: Nick Woodman aliianzisha GoPro mwaka 2002 kwa haja ya mcheza mawimbi aliyetaka kujipiga picha akiwa majini. Lenzi yake pana humfaa mwendesha baiskeli aifungaye kwenye usukani. Lakini mtu asimamaye pembeni mwa uwanja wa Liti akiwa nayo atapata wachezaji wadogo kama siafu. Huyo humfaa lenzi ya kuvuta, tuseme ya milimita 70 hadi 200. Tena mechi huanza jua likiwa kali na huisha kivuli kikiwa kirefu. Tundu la f/2.8 huingiza nuru mara 4 ya tundu la f/5.6, na bei yake hupanda vivyo hivyo. Akitaka mwendo uonekane laini, kilango cha kamera kifunguke kwa muda wa kadiri. Akitaka kusimamisha mguu hewani, kifunguke kwa sehemu ya 1/500 ya sekunde au chini yake. Picha 50 kwa sekunde zitampa nafasi ya kuupunguza mwendo pasipo kuukatakata. Ikiwa fedha haitoshi kwa vyote, ni heri kamera ya kadiri yenye lenzi njema kuliko kinyume chake, kwa maana kamera huchakaa na kupitwa na wakati upesi, na lenzi iliyotunzwa na upepo na vumbi la nchi hii hudumu miaka mingi.

Lakini kabla ya bei kuna swali ambalo Muybridge, Marey na Ichikawa walijiuliza kwanza: ni nini kinachotakiwa kuonekana? Simbu aliwahi kuwa mtoto wa Mampando, na hatua zake za kwanza hazikuwa na upenyo wa kamera wa kuzisubiri mstarini. Ushindi wake ulihesabiwa kwa sababu shahidi aliyefaa aliwekwa mahali palipofaa. Mbio za watoto wa sasa wa Ikungi, Iramba na Mkalama zitakimbiwa mara moja tu, kama zile za babu zao.